Kuipanga Sikukuu ya Idi tangu Shaabani, ili kumi la mwisho lisimalizikie jikoni

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, uchovu wa Idi el-Fitri hautokani na wingi wa kazi peke yake. Hutokana zaidi na kazi hizo kurundikwa zote katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, siku ambazo watu walitakiwa wapate nafasi kubwa zaidi ya kusimama usiku kwa ibada, lakini badala yake huishia kwa fundi cherehani, katika msongamano wa soko la Darajani na kwenye mabeseni ya mapazia. Anayeubeba mzigo huo mara nyingi ni mtu mmoja, mama wa nyumba, ambaye amefunga kama wenzake, anapika futari kila alasiri, anaamka kupasha daku, na juu ya hayo anatarajiwa asubuhi ya sikukuu mosi awe ameshaoga, hina imemkolea mikononi na busati limejaa vyakula. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzitoa ndani ya kumi hilo kazi zote zinazoweza kutolewa, kuzirudisha nyuma hadi Shaabani na nusu ya kwanza ya mfungo, na kuzigawa kwa kila mwenye mikono miwili aliyemo ndani ya nyumba.

Anza na watu, chakula kitafuata

Wengi wetu huanza kupanga kwa kuandika vitu: mchele, samli, kuku, sukari. Kuanza huko ni kuanza katikati, kwa sababu kiasi cha mchele hakijulikani mpaka ijulikane nani atakula kwa nani na siku gani. Tuna bahati kwamba sikukuu yetu haimaliziki kwa siku moja; tuna mosi, pili, tatu na nne. Hata hivyo utakuta ukoo mzima umeibebesha mosi kila kitu, chai kwa wakwe, chakula cha mchana kwa bibi, kuamkia kwa ami na shangazi, kisha jioni watoto wapelekwe uwanjani, na ifikapo sikukuu tatu watu wamelala tu hawana pa kwenda.

Wakati mwafaka wa kulizungumza jambo hili ni mwisho wa Shaabani, pale jamaa wanapokusanyika kuvunja jungu, yaani kula pamoja kabla ya mfungo, kwa kuwa wakubwa wapo, wake wa ndugu wapo, na hakuna aliyefunga wala aliyekasirika. Kubalianeni siku moja tu ya chakula cha pamoja cha ukoo, nyumba itakayokusanya watu, na kila familia itakuja na nini. Mengine yaacheni huru. Mimi naona sikukuu pili ndiyo inayofaa zaidi kwa kikao hicho kikubwa, ili mosi ibaki kwa sala, kwa wazazi wa karibu na kwa mapumziko ya mpishi.

Ugumu huwa pale ambapo kwa miaka yote chakula kimekuwa kwa bibi na kimekuwa siku ya mosi. Hapo hatumwi mtoto kupeleka ujumbe, wala haifai kuandikwa kwenye kundi la simu bibi akaja kusomewa na mjukuu. Aende binti yake mkubwa au mke wa mwanawe aliye karibu naye zaidi, akae chini, aanze kwa heshima yake: "Shikamoo bibi. Mwaka huu tumekuja kukuomba ruhusa. Tunataka chakula kikubwa kiwe hapa hapa kwako, lakini kiwe sikukuu pili, na masinia tuje nayo sisi kutoka majumbani, wewe usishike hata mwiko." Mzee anayeombwa ruhusa mapema hukubali mengi ambayo angeyakataa kama angeyakuta yameshaamuliwa.

Mwezi ukionekana, na usipoonekana

Idi ina jambo moja ambalo sikukuu zenye tarehe maalumu hazina: hatujui kwa hakika ni kesho au kesho kutwa mpaka usiku uingie. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na tangazo la Mufti wa Zanzibar huweza kuja watu wakiwa wameshasali isha. Kanuni yenye kuleta utulivu ni hii: kila kazi isiyoharibika ipangwe iwe imekwisha kabla ya magharibi ya siku ya 29, na kila kitu kinachoharibika kichaguliwe kwa namna ambayo, mwezi usipoonekana, kitaliwa kwenye futari ya siku ya 30. Nyama iliyotiwa thomu na tangawizi jioni ile hugeuka mchuzi wa kufuturia, na ngano ya bokoboko iliyokwisha rowekwa hupikwa hivyo hivyo ikaliwa baada ya magharibi. Keki ya krimu haina njia hiyo, basi isiagizwe kwa usiku wa 29.

Liko na suala jingine ambalo familia nyingi hulijua ingawa hazipendi kulitaja. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wapo wanaofuata tangazo la hapa, na mara nyingine ndugu wawili wa tumbo moja husali Idi siku mbili tofauti. Kujadiliana nani yuko sahihi usiku wa mwezi, jikoni kukiwa na masufuria matano motoni, hakujawahi kumaliza mjadala huo. Kinachofaa ni kukiweka kikao cha ukoo siku ambayo kila mmoja ameshafungua, yaani sikukuu pili kwa hesabu ya waliochelewa. Aliyetangulia kusali hatatakiwa kufunga siku ya Idi yake, na aliyebakisha siku moja hatakaribishwa kwenye sinia akiwa na saumu yake.

Fedha

Bei za vitu hupanda kadiri mwezi unavyokwenda, na anayenunua gunia la mchele Shaabani hupata pia uhuru wa kuchagua mchele, jambo ambalo ni gumu siku ya 28. Katika gunia hilo, toa kwanza fungu la zakatul-fitri. Kiasi chake ni pishi moja kwa kila mtu, ambayo kwa mizani huhesabiwa kiasi cha kilo 2.5, na wapendao tahadhari hutoa kilo 3. Nyumba yenye watu saba, akiwemo mtoto mchanga na bibi anayelishwa na nyumba hiyo, itahitaji kilo 17.5. Upime mapema, ufunge kwenye mifuko, na uandike majina ya watakaopelekewa, kwani zaka hiyo inatakiwa imfikie mwenye haki yake kabla ya Sala ya Idi, na hakuna jambo linalotia fedheha kama kumtafuta maskini alfajiri ya sikukuu kwa sababu mwenye nyumba alisahau.

Kwa wanaocheza upatu, omba zamu yako iangukie Shaabani au mwanzoni mwa Ramadhani. Wenzako wengi hupenda kupokea mwishoni, hivyo ombi hili halina ushindani mkubwa kama inavyodhaniwa. Wasiocheza upatu waweke kibubu, na kibubu hicho kiwe cha mkono wa Idi peke yake. Fedha za kuwapa watoto huwachanganya watu kwa sababu hazihesabiwi. Mtu hujiambia ni shilingi chache tu, kisha hukumbana na watoto thelathini wa ndugu na majirani mlangoni na mfukoni ana noti za elfu kumi. Andika majina, amua kiwango kwa umri, na utafute chenji ya sarafu za mia tano na noti za elfu moja kabla ya kumi la mwisho, maana benki zitafungwa siku za sikukuu na wenye maduka hawatakubali kukuachia chenji yao.

Jikoni

Hapa ndipo mpango unapolipa zaidi. Gawa vyakula vya sikukuu katika mafungu matatu: vinavyokaa majuma, vinavyokaa siku chache kwenye friji, na vile ambavyo havikubali kupikwa isipokuwa siku yenyewe.

Fungu la kwanza ni visheti, vileja na biskuti za samli. Kazi hizi zifanywe katika kumi la kati, usiku baada ya tarawehe, wakati ambapo mpishi anaweza kuonja na watoto wanaweza kusaidia bila kuona njaa. Visheti vinataka uangalifu katika mambo mawili. La kwanza ni shira: sukari na maji kidogo vichemke mpaka ukiinua kijiko tone la mwisho linavutika kama uzi, ndipo visheti vilivyokwisha kaangwa vimiminwe ndani na kugeuzwa bila kupumzika, hadi sukari ikauke na kuwa nyeupe juu ya kila kimoja. Ukiacha kugeuza mapema, vitashikana viwe bonge. La pili ni kupoa. Vitandaze kwenye sinia mpaka vipoe kabisa ndipo uvitie ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, kwani vikifunikwa na joto lake mvuke utarudi ndani, na baada ya siku mbili vitakuwa laini na kupoteza sauti ile ya kuvunjika ambayo ndiyo thamani yake. Vileja, kwa kuwa ni unga wa mchele na samli, ni vyepesi zaidi kuvunjika kuliko kuharibika. Vipangwe kwa tabaka na karatasi katikati. Makopo yote yawekwe juu ya kabati ambako mikono midogo haifiki. Hili si utani, kwani kopo lililowekwa chini huwa tupu ifikapo siku ya 25.

Halua haina haja ya kupikwa nyumbani. Ni kazi ya fundi mwenye sufuria kubwa na mkono usiochoka, na walio Pemba au wenye jamaa anayetoka huko wanajua kwamba halua ya Wete ikiagizwa wiki moja kabla hufika ikiwa nzuri na hukaa bila friji.

Fungu la pili linahusu maandalizi zaidi kuliko vyakula vyenyewe. Thomu na tangawizi vimenywe, vitwangwe na kugandishwa kwa mafungu madogo, kila fungu liwe la sufuria moja. Sambusa zijazwe nyama na kufungwa, zigandishwe mbichi, zikaangwe asubuhi ya mosi zikitoka moja kwa moja kwenye barafu. Bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu zichambuliwe mchana, kazi ambayo bibi aliyekaa kwenye baraza huifanya vizuri kuliko sote, kisha zianikwe na zisagwe. Vitunguu vya biriani vikatwe vyembamba, vianikwe juani mpaka viishe maji ya juu, na vikaangwe katika mafuta mengi. Viopolewe vikiwa bado vya rangi ya dhahabu, kwa sababu huendelea kuiva hata baada ya kutolewa, na anayesubiri viwe vyekundu ndani ya karai atapata vyeusi na vichungu kwenye karatasi. Vikipoa vitiwe kwenye kopo kavu, na vitakaa zaidi ya wiki bila shida. Kwa hatua hii moja, biriani ambalo lingechukua asubuhi nzima hubakiwa na kazi ya nyama na wali.

Fungu la tatu ni dogo kuliko watu wanavyodhani: mkate wa kumimina unaopikwa usiku wa mwezi, tambi za sukari, wali, kuku wa kuchoma, na nazi ikunwe siku ile ile. Kukuna nazi si kazi ya mama. Vijana wa kiume wakabidhiwe mbuzi na nazi zao baada ya alfajiri, na baba wa nyumba apewe jukumu la nyama kuanzia kuiagiza kwa muuzaji anayemfahamu kabla ya siku ya 20 hadi kuileta ikiwa imekatwa. Mwanamme anayesema hajui kuchagua nyama anajifunza kwa mwaka mmoja tu.

Nina maoni kuhusu wingi. Mezani kwa asubuhi ya sikukuu mosi, vitu viwili vitamu na viwili vya chumvi pamoja na chai ya maziwa vinatosha nyumba yoyote yenye heshima zake. Mgeni wa Idi huja akiwa ameshakula nyumba mbili kabla yako, na ataonja kwa adabu tu. Tabia ya kupanga sahani kumi na mbili ili picha ipendeze kwenye simu ndiyo inayowafanya kina mama wasali Idi wakiwa na usingizi.

Hakikisha umenunua umeme wa kutosha kwenye mita na una mtungi wa pili wa gesi, au gunia la makaa, kabla ya siku ya 27. Friji iliyojaa nyama ya watu ishirini isiwe tegemeo pekee. Kuwa na jirani au duka la kukuuzia barafu ukatikapo umeme.

Nguo, mapazia na majira

Mafundi wengi hufunga kupokea kazi karibu na katikati ya Ramadhani, na wale wanaoendelea kupokea ndio wa kuogopwa, kwa kuwa ahadi zao zimezidi vidole vyao. Kitambaa kipelekwe Shaabani, mtoto apimwe na pindo liachwe refu, na tarehe ya kuchukua nguo iwe siku ya 15, hata kama fundi anacheka. Anayetaka kofia ya viua ya kushonwa kwa mkono aelewe kwamba hiyo ni kazi ya wiki nyingi, pengine ya miezi, na haiagizwi Ramadhani. Nguo mpya moja kwa kila mtoto kwa siku ya mosi inatosha. Pili na zinazofuata avae ya mwaka jana au ya Maulidi, ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Viatu ndivyo vinavyoweza kusubiri, ila vinunuliwe asubuhi ya siku ya kazi, si baada ya futari wakati Darajani hapapitiki.

Usafi mkubwa wa nyumba, yaani mapazia, mazulia na kuta zinazotaka rangi, ufanywe kabla ya mfungo. Hapa majira yaangaliwe, kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 na Idi huhama. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, ndani ya masika, na 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Miaka inayofuata inazidi kuingia kwenye joto la kaskazi. Katika masika pazia zito halikauki kwa siku tatu na huanza kunuka. Katika kaskazi nguo hukauka kwa saa moja, lakini mchuzi ulioachwa nje ya friji tangu asubuhi huchacha kabla ya alasiri.

Wanaosafiri

Anayevuka kutoka Unguja kwenda Pemba, au anayerudi kutoka Dar es Salaam, anunue tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na kwenda kwake kuwe angalau siku mbili kabla ya siku ya 29. Watu wengi hufanikiwa kwenda, wakakwama kurudi, kwa sababu kila mwenye kazi au skuli hutaka boti ya siku moja. Ukiweza kurudi sikukuu nne badala ya tatu, rudi nne. Watoto wanaotapika baharini wapewe chakula chepesi mapema, na mizigo ya vyakula ifungwe kwenye ndoo zenye vifuniko, kwani kapu la visheti lililokaliwa bandarini Mkoani halina dawa.

Watoto uwanjani

Jioni za sikukuu ni za watoto, na kuwanyima uwanja ni kuwanyima Idi yenyewe. Awe ni mtoto wa mjini anayekwenda Mnazi Mmoja au Kariakoo, au wa Chake Chake anayekwenda Tibirinzi, mpango uwe mmoja: waende mapema baada ya alasiri, wakiwa na dada au kaka mkubwa aliyekubali kazi hiyo tangu kabla, na warudi kabla ya umati wa usiku. Kila mtoto mdogo atiwe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi, na waonyeshwe mahali pa kukutania wakipotezana. Fedha zake zigawanywe kwa siku nne kabla hajatoka, la sivyo zote zitaisha kwenye bembea na aiskrimu ya mosi. Na mzazi asiyachukue "kumwekea" makusanyo ya mtoto kisha yakapotelea kwenye kununua gesi. Mtoto hukumbuka hesabu hiyo mpaka anaoa.

Sikukuu nne

Siku ya mwisho irudishe vitu kwa wenyewe: masinia ya shangazi, masufuria makubwa ya mtaa, mabusati ya jirani, na malipo ya fundi yaliyobaki. Wenye nia ya kufunga sita za Mfunguo Mosi wapange siku zao sasa, ili jikoni kujue ni lini kutakuwa na futari tena. Kisha, kabla hakujasahaulika, andika kwenye daftari kiasi kilicholiwa kweli: kilo ngapi za mchele kwa kikao cha ukoo, kuku wangapi walibaki, ni visheti au vileja vilivyokwisha mwanzo, na watoto wangapi walipewa mkono. Pale pale ipange tarehe ya zamu yako ya upatu kwa kalenda ya Kiislamu na si ya Kizungu, kwa sababu anayeomba mwezi ule ule wa Kizungu aliopokea mwaka huu atazipata fedha zake zikiwa zimechelewa kwa siku kama kumi na moja, yaani pengine kumi la kati limeshaingia naye bado hajanunua mchele.